Usipoandika Wewe, Sheria Itakuandikia

Msimu wa viazi ukichanganya pale Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, biashara nyingi hufungwa kwa kupeana mkono na ukurasa mmoja uliochanwa kwenye daftari la shule. Ukurasa wenyewe husomeka hivi: "Mimi fulani wa kijiji fulani nimepokea shilingi milioni mbili, advansi ya viazi gunia mia. Mzigo nitatoa wiki ijayo." Chini kuna sahihi mbili, namba ya simu, na jina la shahidi ambaye mara nyingi ni mtu aliyekuwa anapita tu. Fuso linaondoka. Mara nyingi mambo huenda salama. Mwongozo huu ni wa ile mara ambayo hayaendi, na umeandikwa kwa ajili yako unayenunua ili uuze: mwenye duka Mwanjelwa, mwenye mashine ya kukoboa mpunga Mbarali, anayesindika nyanya Iringa, anayebeba mbao kutoka Mafinga.

Kwanza tuondoe kosa moja. Wengi huamini karatasi ya namna ile si mkataba kwa sababu haina muhuri wa wakili. Ni mkataba. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinataka watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, waliokubaliana kwa hiari, kukiwa na malipo au kitu cha kubadilishana kilicho halali, kwa lengo lililo halali. Muhuri haumo katika orodha hiyo. Hata mapatano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba, ingawa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ina sharti la zamani ambalo wafanyabiashara wachache wanalijua: mauzo ya bidhaa ya thamani ya shilingi 200 au zaidi hayadaiki mahakamani mpaka pawe na maandishi yaliyosainiwa na anayedaiwa, au mnunuzi awe ameshapokea sehemu ya mzigo, au ametoa sehemu ya malipo au kishika uchumba. Shilingi 200 ya leo haitoshi chapati. Maana yake ni kwamba kila oda yako imo ndani ya sharti hilo.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama una mkataba. Jiulize mkataba wako umenyamazia nini, kwa sababu mahali uliponyamaza pana kanuni tayari imekaa, na kanuni hiyo ndiyo hakimu atakayoitumia. Mazungumzo mazuri na anayekuuzia huanzia hapo: ujue sheria itasema nini mkikaa kimya, kisha uamue kama hilo unalitaka.

Tusome ule ukurasa

"Gunia mia." Gunia la kilo ngapi? Kanuni za vipimo zinataka mazao yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo amehangaika miaka mingi na lumbesa, lile gunia lililoongezwa kichwa na kushonewa kamba. Mkulima akiandika "gunia" anawaza gunia la mdomo sawa. Mnunuzi amekuja na magunia yake na tayari amewaambia vijana wa kupakia washindilie. Wote wawili wamesaini neno moja wakiwa na vitu viwili kichwani. Andikeni kilo: "kilo 10,000 za viazi, katika magunia yasiyozidi kilo 100, zitakazopimwa kwa mzani uliohakikiwa." Mnunuzi atakayepinga sentensi hiyo amekwisha kukuonyesha alikokuwa anapanga kupata faida yake.

"Viazi." Bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, sheria inamtaka muuzaji alete kinacholingana na maelezo. Kama yeye ni mfanyabiashara wa bidhaa hiyo, inamtaka pia kilicholetwa kiwe kinauzika. Lakini maelezo ya neno moja hukupa ulinzi wa neno moja. Viazi vya kukaanga chipsi na viazi vya mbegu vyote ni viazi. Taja aina, ukubwa, na kasoro usizozitaka: vilivyoota, vyenye kijani, vilivyokatwa na jembe, vyenye mnyauko.

Halafu kuna mtego wa ukaguzi. Ukishaukagua mzigo, sheria haikulindi tena dhidi ya kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona. Mnunuzi anayefungua magunia mawili ya juu, anatikisa kichwa, kisha anasaini "mzigo umepokelewa ukiwa mzima", amejifungia mlango. Afadhali uandike: "Nimekagua magunia kumi kati ya mia, yaliyobaki nitayakagua nikishusha, ndani ya siku mbili." Sheria inakupa muda wa kutosha kuukagua mzigo kabla ya kuhesabiwa kuwa umeukubali. Ila "muda wa kutosha" ni maneno ambayo mawakili wawili wanaweza kuyagombania mwaka mzima. "Siku mbili" hayagombaniwi.

"Wiki ijayo." Wiki ijayo huanza lini kwa mtu aliyesaini Jumamosi jioni? Weka tarehe. Hapa sheria ina jambo la kumshangaza muuzaji: tarehe ya kulipa haihesabiwi kuwa nguzo ya mkataba mpaka mkubaliane hivyo. Mnunuzi akichelewa siku tano kukulipa, hilo peke yake halikupi ruhusa ya kumuuzia mtu mwingine mzigo wake, hata kama bei imepanda. Ukitaka ruhusa hiyo, iandike: "Malipo yasipofika hadi tarehe fulani saa kumi jioni, muuzaji yuko huru kuuza kwa mwingine." Na useme advansi itarudi au haitarudi. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa sababu ya sentensi hiyo kukosekana.

Ukurasa umenyamaza kuhusu bei ya kumalizia. Bei isipotajwa wala njia ya kuipata, sheria inasema mnunuzi atalipa bei ya haki, na bei ya haki kwenye soko la viazi ni ugomvi mtupu. Umenyamaza pia kuhusu mahali pa kukabidhiana. Kwa kawaida ya sheria ni kwa muuzaji, kwa hiyo lori ni juu ya mnunuzi, wakati gharama ya kuuweka mzigo tayari kukabidhiwa ni ya muuzaji. Mistari michache inatosha: nani ananunua magunia na kamba, nani analipa wapakiaji, nani analipa ushuru wa mazao wa halmashauri, ambao kisheria hutozwa mnunuzi lakini geti halimuulizi dereva maswali hayo.

Nyanya zikilala Kitonga

Jambo linalogharimu pesa nyingi kuliko yote niliyotaja huandikwa mara chache kuliko yote: mzigo ni wa nani ukiwa barabarani.

Chukua nyanya za Ilula, wilayani Kilolo. Matenga yanapakiwa usiku, lori linashika barabara ya Dar es Salaam, na kabla ya kufika Ruaha Mbuyuni lazima literemke Mlima Kitonga. Lori moja likilala kwenye kona, foleni inaweza kukaa mpaka jua la mchana, na nyanya hazisubiri. Hasara ya nani? Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inajibu kwa kanuni mbili. Ya kwanza, hasara humfuata mwenye mali, hata kama mali haijafika mikononi mwake, labda mmekubaliana vinginevyo. Ya pili, muuzaji anayetakiwa kupeleka mzigo kwa mnunuzi, akishamkabidhi msafirishaji, huhesabiwa kuwa amemkabidhi mnunuzi mwenyewe. Ukiwa Dar es Salaam ukampigia simu mkulima ukamwambia "Mama, pakia kwenye gari lolote litakalopita", zile nyanya zinazochuruzika maji pale Kitonga ni zako, na Mama anakudai.

Ukitaka iwe kinyume, sema: "Mzigo ni wa muuzaji na hasara ni yake mpaka matenga yateremshwe Soko la Mabibo." Mkulima mwenye akili atakubali kwa kuongeza bei, na ana haki; amechukua hatari yako mabegani mwake. Hapo ndipo mnapojadiliana bei kwa maana. Bei bila kujua nani anabeba barabara ni namba tu.

Mkulima akikuuliza kwa nini unataka kuandikishana, kwani humwamini, mjibu kwa heshima: "Mzee wangu, wewe nakuamini. Barabara ndiyo siiamini."

Mafinga kuna ndugu wa tatizo hilo. Mbao nyingi zinazokatwa kwa mashine za dingdong kuzunguka msitu wa Sao Hill huuzwa kwa majina ya vipimo: mbili kwa nne, mbili kwa sita, moja kwa nane. Chukua futi ya utepe upime mwenyewe, mara nyingi utakuta mbili kwa nne haifiki mbili wala haifiki nne. Kama desturi ya soko inaukubali upungufu huo, muuzaji atajitetea kwa desturi. Andika kipimo halisi kwa milimita, urefu, kama mbao ni mbichi au kavu, na kama imewekwa dawa. Pia dai nyaraka: risiti ya EFD, na hati za Wakala wa Huduma za Misitu zinazoonyesha mbao zilikotoka na ruhusa ya kuzisafirisha. Anayenunua kwa mtu asiye na mali huwa hapati zaidi ya kile muuzaji alichokuwa nacho, yaani hakuna.

Unafunga mkataba na nani

Kabla hujabishania bei, jua uliyekaa naye ni nani mbele ya sheria. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, hata liwe na neno "Enterprises" na bango la futi ishirini, halina uhai wake lenyewe. Ni mtu fulani anayefanya biashara kwa jina hilo, na deni ni lake yeye na mali zake. Kampuni yenye "Limited" ni mtu mwingine kabisa: ikifilisika ikiwa na meza mbili na kompyuta, nyumba ya mkurugenzi haikuhusu. Ukiiuzia kampuni changa kwa mkopo, mwombe mkurugenzi asaini mara mbili, mara moja kwa niaba ya kampuni na mara ya pili kama mdhamini yeye binafsi. Akikuwekea nyumba au kiwanja dhamana, hakikisha mwenzi wake wa ndoa ameridhia kwa maandishi, maana dhamana juu ya nyumba ya familia bila ridhaa hiyo huanguka.

Dalali naye ana nafasi yake, lakini muulize swali moja: barua ya aliyekutuma iko wapi? Dalali asiye na mamlaka anaweza kukuachia mkataba na hewa.

Kisha kuna mali kauli. Ni mkopo mkubwa kuliko wa benki nyingi kwenye masoko yetu: unachukua mzigo leo kwa neno lako, unalipa ukiuza. Wapo waliojengea nyumba juu ya mfumo huu, na siupingi. Lakini jua kwamba kwa kawaida ya sheria mzigo na pesa hubadilishana wakati mmoja. Mkopo haudhaniwi, unathibitishwa. Anayetoa mali kauli bila maandishi ana kazi ya kuthibitisha kiasi, bei na tarehe. Anayepokea ana kazi ya kuthibitisha kwamba alipewa muda. Meseji moja ya WhatsApp siku hiyohiyo inawasaidia wote: "Kaka, nimepokea mifuko 40 ya mbolea kwa bei ya kila mfuko tuliyokubaliana, nitalipa yote tarehe 30." Ajibu: "Sawa." Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ujumbe wa namna hiyo kama ushahidi. Hifadhi simu yenyewe, si picha ya skrini tu, na ukilipa kwa M-Pesa au Airtel Money weka kumbukumbu namba pamoja na maelezo ya mzigo ulioulipia.

Mkataba uliochapwa kutoka Dar es Salaam

Ukikua kidogo utaacha kuandika mikataba, utaanza kuletewa. Kampuni ya pembejeo au ya vifungashio inakutumia kurasa kumi na mbili za Kiingereza, inakwambia wateja wote wanasaini hivyohivyo. Usisaini siku hiyo. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na mkataba wa Kiswahili hauna upungufu wowote. Omba tafsiri, na kifungu kinachosema toleo lipi litatawala zikigongana.

Kisha tafuta mambo matatu tu. Mengine wakili atayaona. La kwanza ni mahali pa kusuluhishia mgogoro. Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na Mahakama Kuu ina kanda Mbeya na Iringa. Kifungu kinachokulazimisha kushtaki au kufanya usuluhishi Dar es Salaam kwa deni la milioni tano kimekufutia deni hilo, maana nauli, hoteli na siku za kufunga duka zitalila. Kampuni nyingi hulegea hapa kwa sababu hazijawahi kuulizwa.

La pili ni haki ya kubadili bei. "Kampuni inaweza kubadili bei wakati wowote" isomeke "baada ya taarifa ya maandishi ya siku 14, na oda zilizokwisha kulipiwa hazitaguswa".

La tatu ni adhabu ya kuchelewa. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba hakiruhusu kiasi kilichoandikwa kiwe kiboko: mahakama itatoa fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Kwa hiyo usitishwe na "milioni kumi kwa siku", na wewe pia usijidanganye kwamba ukiiandika utalipwa yote. Fidia ya kawaida, chini ya kifungu cha 73, ni ile hasara inayotokana na uvunjaji kwa mwendo wa kawaida wa mambo, au ile ambayo pande zote ziliijua wakati wa kukubaliana. Maneno hayo ya mwisho yana pesa ndani yake. Kama nyanya unazoagiza ni za kutimiza oda ya hoteli, mwambie anayekuuzia kwa maandishi kabla ya kusaini, ili akikuangusha asiseme hakujua. Na akikuangusha, tafuta mzigo kwingine haraka. Mahakama haimlipi aliyekaa akitazama hasara ikikua.

Serikali ikifunga mpaka

Anayefanya biashara kupitia Kasumulu au Tunduma anajua kwamba mkataba unaweza kuuawa na tangazo. Mwaka 2017 usafirishaji wa mahindi nje ya nchi ulizuiwa. Machi 2025 Malawi ilizuia baadhi ya bidhaa kutoka nje, na mwezi uliofuata Tanzania ikazuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, zuio lililoondolewa baada ya muda mfupi. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Mikataba kinasema mkataba ambao utekelezaji wake umekuwa hauwezekani au haramu baada ya kufungwa hubatilika. Sawa, lakini ndizi zilizokuwa kwenye lori getini? Advansi? Sheria hurudisha kilichopokelewa, ila safari ya kukirudisha ni ndefu. Andikeni: serikali ikizuia, au barabara ikikatika, kila upande umtaarifu mwenzake ndani ya saa 24, zuio likipita siku saba, yeyote anaweza kujitoa, advansi irudi ndani ya siku kumi na nne ikipunguzwa gharama zilizothibitishwa kwa risiti. Kupanda kwa bei ya dizeli au kushuka kwa soko havimo humo. Hizo ni hatari za biashara, na mahakama haitakuokoa nazo.

Jambo jingine linalozama bila kelele ni mkataba wa kitu kilichokatazwa. Kakao ya Kyela huuzwa kupitia AMCOS na mfumo wa stakabadhi ghalani. Mnunuzi anayemfuata mkulima mwenye shida na kumpa pesa kwa kakao ikingali mtini au mbichi, kwa njia ambayo wenyewe wanaiita njemke, akidhulumiwa hana pa kwenda kwa sababu lengo la mapatano si halali. Mkulima akidhulumiwa, naye vivyo hivyo.

Mkataba ukivunjika

Usianzie polisi. Mtu aliyeshindwa kulipa si lazima awe mhalifu, na kituo cha polisi si ofisi ya kukusanya madeni. Anza na barua ya madai yenye tarehe, kiasi na siku ya mwisho ya kulipa; itume kwa njia utakayoweza kuthibitisha kwamba ilifika. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya madeni ya mkataba hadi shilingi milioni 30, na huko unaweza kujieleza mwenyewe kwa Kiswahili. Zaidi ya hapo, nenda kwa wakili; Chama cha Mawakili wa Tanganyika kina wanachama Mbeya na Iringa, na kwa asiye na uwezo wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Angalia pia ushuru wa stempu: karatasi inayotakiwa kulipiwa isipolipiwa inaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ilipiwe pamoja na faini.

Madai ya mkataba yana miaka 6 kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, tangu siku ya uvunjaji. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kusaini kabla muda huo haujaisha, hesabu huanza upya. Kwa hiyo akikuomba umwongezee muda, mkubalie ukiona inafaa, lakini aandike kiasi anachodaiwa na tarehe atakayolipa, na asaini hapohapo.